Jibu la mtaalamu: Ellen Terry alizaliwa na kipaji, au alifinyangwa?

Swali: "Nafundisha Fasihi sekondari, na jioni nasimamia kikundi cha maigizo cha vijana. Tumeamua kuandaa onyesho la dakika 40, mwigizaji mmoja tu jukwaani, kuhusu maisha ya mwigizaji Ellen Terry wa Uingereza. Wanafunzi wangu wanamjua Portia kupitia Mabepari wa Venisi, wakauliza ni nani aliyevuma kwa kumwigiza. Shida ni kwamba kila nikisoma nakuta mambo yanapingana. Huyu anasema alizaliwa 1847, yule 1848. Huyu anasema kilikuwa kipaji cha kuzaliwa na hakufundishwa kitu, yule anasema mwigizaji mwenzake Henry Irving ndiye aliyemtengeneza, mwingine anasema Irving alimbania. Wapo wanaodai Lady Macbeth wake, katika Macbeth ya Shakespeare, alianguka, na hapohapo picha ya Lady Macbeth huyo ndiyo inayosambaa kuliko zote. Binti atakayemwigiza ana miaka 19. Anapaza sauti mpaka inakauka, na anaogopa kusahau maneno. Tuamini nini, tuanzie wapi, na lile gauni la kijani la Lady Macbeth tunaweza kulitengeneza kwa mfuko wetu?"

Mwalimu, nikikusoma vizuri, hofu yako ni kwamba mtajenga onyesho juu ya uzushi. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu sehemu kubwa ya uzushi kuhusu Terry ilianza kwake mwenyewe na kwa watu waliompenda. Habari njema ni kwamba mambo ya kweli yanaigizika vizuri zaidi, na baadhi yake yatamsaidia binti wako moja kwa moja kwenye mazoezi.

Tuanze na jepesi. Terry alizaliwa Coventry tarehe 27 Februari 1847. Mwaka 1848 unatokana na kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka 1908, alikouandika mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa kinasema 1847. Ukiushika mwaka huo, tarehe nyingine zinanyooka. Alipopanda jukwaani London kwa mara ya kwanza, tarehe 28 Aprili 1856, alikuwa na miaka 9. Alipoolewa mara ya kwanza, tarehe 20 Februari 1864, alikuwa amebakiza wiki moja kutimiza miaka 17.

Kuhusu kipaji, hapa ndipo wengi wanapopotea. Ni kweli hakusoma shule ya kawaida. Lakini wazazi wake, Benjamin na Sarah, walikuwa waigizaji wa kuzunguka mikoani, dada yake Kate alikuwa tayari jukwaani, na yeye mwenyewe aliingia utotoni kwenye kundi la Charles Kean katika Princess's Theatre, mtaa wa Oxford. Ile ilikuwa shule kali kuliko nyingi. Mazoezi yalichukua siku nzima, Jumapili ikiwemo, na usiku usiokuwa na onyesho yaliweza kwenda mpaka saa kumi au kumi na moja alfajiri. Kean alikaa kwenye viti vya watazamaji na kengele ya chakula pembeni yake. Kitu kikiharibika anaigonga kwa hasira, kila mtu anasimama, na mke wake, aliyekaa palepale jukwaani, anarekebisha kosa ndipo waendelee.

Mke huyo, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Ellen Tree kabla ya kuolewa, ndiye aliyemfundisha mtoto matamshi. Alisisitiza kwamba a, e, i, o, u ni irabu tano tofauti, na kila moja isikike kwa sauti yake. Hapo binti yako ana faida ambayo Mwingereza hana, maana Kiswahili kimempa irabu tano safi tangu alipoanza kusema.

Mwalimu wa dansi, Oscar Byrn, aliwafundisha watoto kutembea. Alichagua ubao mmoja wa sakafu, wakaupita wote kwa urefu, kwanza polepole, kisha haraka zaidi na zaidi, mpaka waweze kwenda kwa kasi bila mguu kutoka nje ya mstari hata inchi moja. Baada ya hapo lilikuja blanketi la flana. Mtoto alifungwa blanketi kwa mbele, likaburuta sakafuni inchi 6, akaambiwa atembee nalo kwa heshima. Wenzake walilipiga teke na kurukaruka; Terry alilimudu. Miaka thelathini baadaye watazamaji waliposema huyu mwanamke "anaelea" jukwaani, walikuwa wanaona matunda ya ubao na blanketi.

Mfanyishe binti zoezi hilohilo. Bandika utepe wa mita 5 sakafuni, aupite huku na huku kwa dakika kumi kila siku. Siku ya nne, unganisha kanga mbili, mfunge kiunoni, upande wa mbele uburute sentimita 15. Kosa litakalojitokeza ni kuinua goti na kuirusha kanga kwa teke, ndipo anapoikanyaga hatua ya pili. Dawa yake ni kuteleza mguu karibu na sakafu na kuiacha ngozi ya juu ya mguu iisukume nguo mbele. Akirudi nyuma ndio hatari zaidi, kwa hiyo asirudi nyuma: ageuke kwa nusu duara, nguo imfuate.

Usiku wa kwanza, akiwa Mamillius mtoto wa mfalme katika The Winter's Tale, alikuwa anavuta kigari cha kuchezea kilichoigwa kutoka kwenye vyombo vya Kigiriki vya kale. Akajikwaa kwenye mpini na kuanguka chali, na Malkia Victoria yupo ukumbini. Alicheza nafasi hiyo usiku 102. Muda si mrefu akawa Puck, kizimwi mtundu wa A Midsummer Night's Dream. Katika onyesho moja mlango wa sakafuni ulijifunga kabla hajatoka vizuri ukambana kidole cha mguu. Bibi Kean akamwambia amalize mchezo na mshahara wake utaongezwa mara mbili. Akamaliza. Kidole kiliungwa na daktari wa hospitali ya St Bartholomew's aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, na shilingi 15 kwa wiki zikawa 30. Tukio hilo lichukue lilivyo, mwalimu. Lina maumivu, pesa na nidhamu mahali pamoja, na halichukui zaidi ya dakika tatu.

Ndoa ya 1864 ilikuwa na mchoraji George Frederic Watts, aliyemzidi kwa takriban miaka 30. Haikumaliza mwaka. Akarudi jukwaani bila hamu, kisha mwaka 1868 akaondoka kabisa na kwenda kuishi Hertfordshire na Edward William Godwin, msanifu majengo, bila ndoa. Wakapata watoto wawili: Edith, aliyezaliwa 1869, na Edward Gordon, aliyezaliwa 1872. Huyu wa pili ndiye Gordon Craig ambaye wanafunzi wa tamthilia bado wanamsoma. Miaka hii sita iliyo nje ya jukwaa hurukwa na vitabu vingi kwa aibu ya wakati ule. Usiiruke. Ilimfundisha kupika, kufua, kulea na kudaiwa, na aliporudi alikuwa mwanamke mzima anayejua bei ya vitu.

Kurudi kwenyewe kulikuwa hivi. Gurudumu la kigari chake lilichomoka njiani kijijini. Wapanda farasi waliokuwa wakiwinda wakaruka ua, na mmoja wao alikuwa mwandishi Charles Reade, aliyekuwa akimfahamu tangu zamani. Akamwomba arudi jukwaani. Terry akasema atarudi kwa pauni 40 kwa wiki. Reade akakubali, na Februari 1874 alikuwa London tena. Mtu akikuambia Terry hakuwa na habari na pesa, mrudishe hapo penye gurudumu.

Sasa Portia wenu. Alimwigiza kwa mara ya kwanza Aprili 1875 katika Prince of Wales's Theatre, chini ya familia ya Bancroft. Onyesho lenyewe lilianguka baada ya wiki chache, kwa sababu Shylock alikuwa dhaifu na Shylock akilegea tamthilia nzima inalegea. Lakini Terry aliandika baadaye kwamba usiku ule alihisi ushindi ambao mwigizaji huupata mara moja tu maishani. Miaka minne baadaye, Novemba 1879, alimrudia Portia katika ukumbi wa Lyceum, London, pamoja na Irving akiwa Shylock, na onyesho hilo likaenda usiku 250.

Kuna jambo moja dogo hapa ambalo wanafunzi wako watalipenda. Mhakiki wa jarida la Blackwood's alilalamika kwamba katika tukio la masanduku, Portia wa Terry anamwonyesha Bassanio, anayetaka kumwoa, mapenzi waziwazi kupita kiasi. Alikuwa amemwigiza mwanamke anayejua anachokitaka, na mzee mmoja akaona si adabu. Maneno yale yalimwingia. Alikiri kwamba kwa miaka kadhaa yalimfanya ajishtukie kila alipofika tukio lile. Mpe binti tukio hilo alicheze mara mbili, moja kabla ya uhakiki na moja baada yake: maneno yaleyale, ila mara ya pili mkono unaelekea kwa Bassanio na kusita njiani. Darasa litaelewa uhakiki ni nini bila mhadhara.

Swali lako la Irving linataka uvumilivu kidogo, kwa sababu pande zote mbili zina ushahidi. Irving alichukua Lyceum mwaka 1878 akamwajiri Terry kuwa Ophelia katika Hamlet. Onyesho lilifunguliwa 30 Desemba. Hakumtengeneza. Terry alikuwa na zaidi ya miaka ishirini tangu alipoanza na tayari London ilikuwa inamzungumzia. Alichompa ni jukwaa kubwa, mandhari ghali, taa zilizopangwa kwa makini na miaka 24 ya kazi isiyokatika, pamoja na ziara za Marekani kuanzia 1883. Mshahara wake ulifika pauni 200 kwa wiki.

Kumbania nako kulikuwepo. Kwa ajili ya tukio la wazimu la Ophelia, Terry alitayarisha gauni jeusi. Irving hakugombana naye. Alimwachia mshauri wake mzee, Walter Lacy, amweleze kwamba katika tamthilia hii anayevaa nguo nyeusi ni mmoja tu, naye ni Hamlet. Terry akavaa nyeupe. Katika Much Ado About Nothing ya 1882, Beatrice wake alipendwa kuliko nafasi zake zote, lakini Irving akiwa Benedick alivuta maneno polepole, na Terry aliamini kasi ndiyo roho ya vichekesho. Akalazimika pia kukubali maneno ya kuongeza mwishoni mwa tukio la kanisani, mazoea ya jukwaa ambayo Shakespeare hakuyaandika. Na kubwa kuliko yote, London haikumwona akiwa Rosalind, nafasi iliyokuwa kama imekatwa kwa kipimo chake. Irving hakuiandaa As You Like It, kwa sababu haina mhusika mkubwa wa kiume wa kumfaa yeye.

Maoni yangu ni haya: usimfanye Irving shetani wala mkombozi. Alikuwa mwenye ukumbi aliyechagua tamthilia kwa kuangalia nafasi yake kwanza, na Terry alilijua hilo akabaki kwa sababu mbadala uliokuwepo London ulikuwa mbaya zaidi. Lipo pia jambo ambalo Irving alimsikiliza. Taa za umeme zilipowekwa sakafuni mbele ya jukwaa, Terry aliona zinavyoharibu nyuso akamsihi azirudishe za gesi, na zikarudishwa. Ukitaka tukio linaloonyesha uhusiano wao bila kuhubiri, weka gauni jeusi na taa ya gesi kimoja baada ya kingine. Mara hii anashindwa, mara ile anashinda. Na je, walikuwa wapenzi? Wanahistoria hawakubaliani, na onyesho lenu halihitaji kuamua.

Lady Macbeth alifunguliwa 29 Desemba 1888. Hakuanguka. Onyesho lilizidi usiku 150 na tiketi ziliuzwa. Kilichogawanyika ni maoni, na sababu yake ni Sarah Siddons. Siddons alikuwa ameigiza nafasi hiyo zaidi ya miaka sabini kabla yao, mwanamke wa kutisha kama dhoruba, na watu walikuja ukumbini wakimtafuta yeye. Terry aliwaonyesha mke anayempenda mumewe kiasi cha kumsukuma kwenye damu, kisha akavunjika yeye kabla ya mumewe. Nakala za tamthilia alizoandika pembezoni kwa mkono wake bado zimehifadhiwa Smallhythe, nyumba yake ya Kent, na zinaonyesha kwamba tafsiri hiyo haikuwa udhaifu wa mwili wala sauti. Aliipanga mstari kwa mstari. Ninaiona tafsiri bora kuliko ya kutisha, na waigizaji wengi wa leo wanaelekea upande wake.

Picha inayosambaa ni ya John Singer Sargent, ya mwaka 1889, na iko katika jumba la sanaa la Tate, London. Anaonekana akiinua taji juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Tendo hilo halikuwepo kwenye onyesho. Alilitunga Sargent kwa ajili ya turubai, kwa hiyo msiliweke kama sehemu ya Macbeth. Mnaweza kuliweka kama tukio la kuchorwa: mwanamke amesimama saa nzima mikono juu, mabega yanauma, anaongea na mchoraji.

Gauni lenyewe lilibuniwa na Alice Comyns Carr na kushonwa na Ada Nettleship. Walitaka kitu kinachofanana kwa wakati mmoja na deraya ya askari na ngozi ya nyoka. Walifuma kwa kroshia uzi laini wa kijani uliosokotwa na uzi wa bluu wa kung'aa, kisha wakashonea juu yake takriban magamba 1,000 ya mbawakawa, yaani yale mabawa magumu ya juu yanayometa kijani na zambarau. Mwaka 2011 lilirudishwa Smallhythe baada ya ukarabati uliokula kama saa 1,300 za kazi, kwa sababu kroshia nzito ikining'inia hujivuta kwa uzito wake na kuchanika. Hilo likumbukeni mnapotengeneza la kwenu.

La kwenu litoke hivi. Tafuteni mitumba gauni refu la kufuma, la kijani kibichi au bluu ya bahari, kubwa kwa saizi moja. Chukueni chupa za soda za plastiki ya kijani, zioshwe, zikatwe vipande vyenye umbo la jani, urefu sentimita 2.5 na upana 1. Pitisheni kila kipande juu ya mshumaa kwa sekunde mbili tatu, umbali wa sentimita 5, mpaka kingo zijikunje kidogo. Kazi hii ifanywe nje, maana moshi wa plastiki si mzuri. Tobo moja kwa sindano ya moto, milimita 3 kutoka ncha ya juu. Likikaribia ukingo zaidi ya hapo litapasuka. Nyuma ya kipande pakeni rangi ya kucha ya bluu au zambarau, na hapo ndipo mmeto wa mdudu unapotokea. Shoneni kwa uzi wa nailoni, kwa sababu kingo za plastiki hukata uzi wa pamba.

Hamhitaji vipande 1,000. Vipande 300 vinatosha vikikaa shingoni, kifuani, kwenye ukingo wa mikono na upindoni. Kila kimoja, kukata mpaka kushona, ni kama dakika 3, kwa hiyo saa 15. Wanafunzi watano wanamaliza kwa Jumamosi moja au mbili. Msivibananishe. Vikipandana sana vinalia tik-tik kila akisogea, na ukumbi mdogo utausikia mlio huo juu ya maneno. Vikishonwa juu tu na kuachiwa nafasi ya nusu kidole vitacheza bila kelele. Ndani ya mabega shoneni mkanda wa kitambaa kigumu ubebe uzito, na gauni lilazwe juu ya meza likisubiri onyesho. Lisitundikwe.

Taa zitaliua au zitalifufua. Taa nyeupe ya baridi kutoka juu italionyesha kuwa ni chupa za soda. Wekeni balbu mbili za LED za rangi ya joto, 2,700 K, sakafuni pembeni mwa jukwaa, zikitazama juu kwa mshazari, mita moja na nusu kutoka kwa mwigizaji. Ni karibu na mwanga wa gesi mnavyoweza kufika. Mkitaka kuulainisha, tumieni kitambaa chepesi cheupe kilichosimamishwa mbali na balbu. Kama taa ni ya halojeni msiweke kitambaa wala karatasi karibu nayo, itashika moto.

Mawili matatu ya kusahihisha haraka. George Bernard Shaw na Terry waliandikiana barua nyingi za mapenzi ya wino, hasa kati ya 1895 na 1900, lakini walikuja kukutana ana kwa ana mwaka 1900, barua nyingi zikiwa zimeshaandikwa. Shaw alimwandikia nafasi ya Lady Cicely katika tamthilia yake Captain Brassbound's Conversion, naye akaicheza 1906, mwaka uleule wa sherehe kubwa ya miaka yake 50 jukwaani katika Drury Lane. Terry hakuwa mwigizaji wa kwanza kupewa Dame, cheo cha heshima cha Uingereza: alikipata 1925, na Geneviève Ward alimtangulia 1921. Alifariki Smallhythe tarehe 21 Julai 1928, akiwa na miaka 81.

Kuhusu umbo la onyesho, Terry mwenyewe amekupa. Kuanzia 1910, alipokosa nafasi za umri wake, alizunguka Uingereza, Marekani na Australia akitoa mihadhara kuhusu Shakespeare: watoto wake, wanawake wake washindi, wanawake wake wa majonzi, na barua zilizomo katika tamthilia zake. Alisimama peke yake, akaeleza, kisha katikati ya maelezo akageuka kuwa Beatrice au Juliet, na kurudi tena kuwa Ellen. Lichukueni umbo hilo. Linaweka meza na kitabu jukwaani kihalali, na binti anayeogopa kusahau anakuwa na maandishi mbele yake bila mtazamaji kuona ni msaada. Katika umri mkubwa Terry naye alisumbuliwa na kumbukumbu na macho. Alipocheza yaya katika Romeo and Juliet mwaka 1919 alihitaji kukumbushwa maneno, na watu walimpenda vilevile. Binti anaweza hata kusahau kwa makusudi mara moja, mapema. Ukumbi ukishacheka naye, usahaulifu wa kweli ukija hautamtisha.

Dakika 40 za mtu mmoja, kukiwa na mapumziko ya pumzi, kubadili nguo na ukimya, ni maneno yasiyozidi 3,500 ya Kiswahili. Skripti yako ikifika 5,000, kata kabla ya mazoezi, usingoje mwigizaji akate kwa kukimbia. Msisimulie miaka yote 81. Mimi ningebaki na kidole cha mguu, gurudumu, mkono wa Portia, gauni jeusi na Sargent. Sauti ya Terry ilirekodiwa Marekani mwaka 1911. Msikilizeni, hasa hotuba ya Portia kuhusu huruma, mkijua kwamba alikuwa na miaka 64, akisema ndani ya pembe ya mashine ya siku zile. Msimwige. Sikilizeni tu anavyoshikilia irabu.

Sauti ya binti inanitia wasiwasi kuliko gauni. Anayekauka sauti kwa kawaida anasukuma kwa koo: nyuzi za sauti zinagongana kwa nguvu, zinavimba, zinafungana vibaya, naye anaongeza nguvu ili kufidia, zinavimba zaidi. Kupaza si dawa ya kusikika. Chukueni kengele ya Kean. Mwanafunzi mmoja akae kiti cha mwisho kabisa, binti aseme kwa sauti ya kawaida, na kengele ilie kila mwisho wa neno unapopotea. Utagundua kinachopotea ni silabi ya mwisho ya sentensi, kwa sababu mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na pumzi inaishia hapo. Aikamilishe silabi hiyo na atasikika bila kupiga kelele. Kabla ya mazoezi, dakika kumi za kuimba kwa midomo iliyofungwa. Maji kidogokidogo siku nzima. Na asilicheze onyesho zima kwa sauti kamili zaidi ya mara mbili kwa siku. Ikianza kukwaruza anyamaze. Kunong'ona si kupumzika, kunachosha koo pia. Sauti ikibaki imekauka zaidi ya wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akiwa na maumivu ya kumeza, akitema damu, akipata shida ya kupumua au sauti ikikatika ghafla, aende siku hiyohiyo, onyesho litangoja.

Mwisho ni hakimiliki, ambayo hukuiuliza lakini itakukuta mlangoni. Shakespeare ni huru, na kitabu cha kumbukumbu cha Terry cha 1908 ni huru. Mabepari wa Venisi si huru. Mtafsiri wake, Mwalimu Nyerere, alifariki 1999, na kwa sheria za Tanzania na Kenya ulinzi wa kazi ya mwandishi unaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kusoma darasani ni jambo jingine, lakini mkiuza tiketi, au mkiweka video mtandaoni huku binti akisema hotuba ya Portia kwa maneno ya Nyerere, ombeni ruhusa ya maandishi kwa mchapishaji miezi miwili mitatu kabla. Mkikwama nendeni wenyewe kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA ikiwa mko Tanzania, au KECOBO kwa Kenya, na skripti mkononi, kurasa zenye maneno hayo zikiwa zimewekwa alama. Ama mtafsiri wenyewe mistari hiyo ishirini kutoka kwa Shakespeare, kazi nzuri kabisa ya kidato cha tano kwa wiki moja.